Kovu la Chanjo katika Kisiwa cha Mvita

Mtu akitaka kujua mwenzake alizaliwa upande upi wa mpaka wa Lungalunga, hana haja ya kumwuliza hati wala kuisikiliza lafudhi yake. Na amwombe tu akunje mkono wa kanzu. Aliyezaliwa Kenya na kupelekwa kliniki angali mchanga ana kovu dogo la mviringo katika kigasha cha mkono wa kushoto, ilhali binamu yake aliyezaliwa Tanga ana kovu hilohilo juu ya bega la kulia. Na chanjo ni moja, ya kifua kikuu, ile ya Wafaransa Calmette na Guérin, iliyotolewa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921 kwa mtoto aliyezaliwa karibuni. Serikali mbili zilikata mashauri mawili mintarafu ya mahali pa kudunga, na aila moja ikagawanyika alama. Ama wazee wetu, wale waliozaliwa kabla ya miaka ya 1970 kwisha, wao wana kovu jingine lililo pana zaidi, lenye vitundu kama subana ya fundi wa cherehani, aghlabu juu ya mkono, na hilo ni la ndui.

Makovu hayo yana habari ndefu, na habari yenyewe haikuanza na sindano. Ilianza na neno. Kuchanja, katika lugha yetu, ni kukata kidogo ili kitu kipate njia ya kuingia: huchanjwa samaki apate kuingiwa na chumvi na ndimu, na huchanjwa mtu chale, kifuani au mgongoni au kwenye kiungo cha mkono, kisha mganga akapaka unga wa dawa penye damu mbichi ili uchanganyike nayo. Kinga ya nyoka ilifanywa hivyo, na ndani ya unga huo husagwa kichwa cha nyoka mwenyewe aliyechomwa akawa mkaa. Kwa hiyo tabibu wa serikali alipofika na wembe wake na maji yake ya ndui, Waswahili hawakuazima neno kwa mtu. Walimpa lao, wakaiita kazi yake chanjo, nalo ndilo lililobaki hata leo katika kila kituo cha afya kuanzia Lamu hata Kigoma. Waingereza, kwa upande wao, waliliunda neno lao kutokana na jina la Kilatini la ng'ombe, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Aliyekwisha kuamini kwamba kidogo cha chenye kudhuru, kikitiwa mwilini kwa kipimo na kwa mkono wa mjuzi, humfanya mtu asidhurike na kingi, huyo amekwisha kuvuka nusu ya njia ya elimu ya chanjo, hata kama hajui kusoma jina lake. Walakini mganga alikuwa mtu wa mtaa: alijulikana kwao ni wapi, alisomea kwa nani, na ni nani aliyechanjwa naye akapona au akafa. Tabibu mgeni hakuwa na ukoo wa kuulizwa. Nami nadhani, baada ya kuyatazama mambo haya kwa muda, kwamba watu wazima wa Mombasa, katika miaka mia na zaidi ya kupeleka watoto wao mbele ya chuma, walitia shaka juu ya mkono uliokishika kuliko walivyotia shaka juu ya chuma chenyewe.

Elimu ya ndui nayo haikuwa ngeni katika dini na lugha walizozisoma masheikh wetu. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy aliyefariki yapata mwaka 925, ndiye aliyeandika risala ya kupambanua judari na hasba, yaani ndui na surua, maradhi mawili yaliyokuwa yakichanganywa na matabibu wengine, na risala hiyo ilitafsiriwa na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi baadaye. Huko Sudan wanawake walikuwa na ada waliyoiita kununua ndui: mama alikwenda kwenye nyumba yenye mtoto mgonjwa, akamfunga mgonjwa kitambaa cha pamba mkononi, akapatana bei na mama wa pili juu ya idadi ya malengelenge atakayoyapata, kisha akarudi kwake akamfunga mwanawe kitambaa kilekile. Msomaji atacheka kusikia ndui ikipigiwa bei kama samaki wa Markiti. Lakini na azingatie kwamba katika biashara ile mama alijua amenunua nini, kwa nani, na kwa kiasi gani. Katika Istanbul vikongwe walifanya kazi hiyohiyo kwa ncha ya sindano, na ni kwao alikojifunza mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliyemchanja mwanawe mwaka 1718. Na mwaka 1721, ndui ilipouvamia mji wa Boston kule Marekani, kasisi aliyeitetea kinga hiyo, Cotton Mather, alikuwa ameipata habari yake kwa mtumwa wake Mwafrika aliyeitwa Onesimus, ambaye alikwisha kuchanjwa kwao kabla hajauzwa.

Hata hivyo kinga ya namna hiyo ilikuwa ndui yenyewe, na safari nyingine ilimwua aliyekingwa au kumwambukiza jirani. Edward Jenner, tabibu wa shamba huko Uingereza, tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe katika mkono wa mkamaji maziwa akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka minane wa mtunza bustani wake. Na ndui ya kweli ilipojaribiwa kwa mtoto yule baadaye, haikumshika. Hapo ndipo ng'ombe alipoingia katika neno la Kiingereza. Mji wetu nao ulikuwa na ng'ombe wake: yalipokuja maradhi mazito, watu walimzungusha ng'ombe mjini huku kisomo kikisomwa, kisha akachinjwa sadaka. Sisemi kwamba mambo mawili hayo ni mamoja. Nasema tu kwamba mnyama aliyekuwa akiombewa nyuma yake katika vichochoro vya Mji wa Kale, na mnyama ambaye juu ya ngozi ya ndama wake chanjo ilikuwa ikikuzwa katika maabara, alikuwa ni yuleyule.

Tuje Kilindini. Jina linatokana na kilindi, maji ya kina, nayo ndiyo bandari ya upande wa kusini na magharibi wa kisiwa, walikokuwa na mji wao Wakilindini, ambao pamoja na Wachangamwe na Watangana ndio Thelatha Taifa, kabla hawajahamia upande wa mashariki na kukaa karibu na wenzao wa Tisa Taifa. Zama za majahazi, watu na maradhi yao waliingia kwa Bandari ya Kale, chini ya kivuli cha Ngome, wakija na kaskazi kutoka Maskati na Kachi na kuondoka na kusi. Na ndui ilipita na misafara ya bara pia, kama alivyoandika msafiri Mwingereza Burton, aliyesafiri njia ya Unyanyembe katika miaka ya 1857 hata 1859 akaona wapagazi wakiangushwa nayo njiani. Lakini Waingereza walipotwaa ulinzi wa Pwani mwaka 1895, kwa kuikodi kwa Sultani wa Unguja, na walipoanza mwaka uliofuata kutandaza reli kuelekea ziwani, ni Kilindini yenye maji marefu iliyopokea meli za chuma na mabehewa na Wahindi takriban 32,000 walioletwa kwa kazi hiyo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Katikati ya miaka hiyo mvua zilikata, njaa ikaenea bara na Pwani, na ndui ikafuata nyuma ya njaa kama inavyofuata siku zote. Wakikuyu wakaiita njaa ile Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Hilo ni jina la watu waliofikiri: waliona kwamba njaa na ndui na mgeni vimekuja kwa mlango mmoja, na sasa mgeni yuleyule anasema ana dawa.

Fauka ya hayo, dawa yenyewe haikuwa na uaminifu. Maji ya chanjo yaliyotoka Ulaya au Bara Hindi yalikuwa na uhai ndani yake, na joto la bahari na la nchi liliuua uhai huo njiani, hata kilichofika mkononi mwa tabibu mara nyingi kilikuwa maji matupu. Mtoto huchanjwa, jeraha likakauka bila ya kutunga, serikali ikaandika katika daftari lake kwamba amekingwa. Kisha ndui ikaja ikamchukua. Mama aliyetoka katika msiba kama huo akasema kuchanja hakufai, hakusema kwa ujinga. Alisema aliyoyaona kwa macho, na aliyeandika daftari ndiye aliyekuwa hajui. Ilipasa kungojwa miaka ya 1950 ndipo Leslie Collier wa London akafaulu kuikausha chanjo ya ndui kwa namna iliyostahimili joto la nchi kama zetu.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo sijaona likisimuliwa kwetu, nalo lastahili. Waingereza waliokuja kutuchanja walikuwa wenyewe katika fitina kubwa juu ya chanjo. Sheria yao ya 1853 iliwalazimisha wazazi wa Uingereza na Wales kumchanja mtoto kabla hajatimiza miezi mitatu, na aliyekataa alitozwa faini, na asiyelipa faini alifungwa. Watu wakakasirika hata mwezi wa Machi 1885 makumi ya maelfu wakaandamana katika mji wa Leicester. Bunge likashindana na wazazi kwa miaka, na mwisho, mwaka 1898, likatunga sheria kwamba mzazi aliyemthibitishia hakimu kuwa dhamiri yake haimridhii, asilazimishwe. Mwaka 1898! Ndio mwaka ambao njaa na ndui vilikuwa vikipandiana juu ya nchi hii. Mzazi wa Leicester akapewa haki ya kuulizwa. Mzazi wa Kibokoni na wa Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, hakuna aliyemwuliza dhamiri yake inasemaje. Siandiki haya ili kusifu kukataa, maana ndui ilikuwa ikiua kiasi cha watu watatu katika kila kumi iliowashika, na walionusurika wengi walibaki na nyuso zilizochimbika, na wengine wakapofuka. Nayaandika ili ijulikane kwamba kusita mbele ya tabibu si maradhi ya watu weusi wala ya Waislamu.

Miaka iliyofuata serikali ilijenga hospitali, ikatunga mwaka 1921 sheria ya afya ya umma iliyowapa maofisa wake mamlaka makubwa juu ya maradhi ya kuambukiza, na gati za kwanza za maji marefu zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, kisiwa kilikwisha kuwa mlango wa nchi nzima, mlango wenye bawabu na karantini yake. Huko ndiko baadhi ya watu wazima walikoizoea chanjo, kwa njia ya safari. Msafiri aliyetaka kuvuka bahari alitakiwa cheti cha ndui, na aliyekwenda Makka alitakiwa vilevile. Hakuna aliyeacha kuhiji kwa kuogopa wembe. Mzee aliyerudi kutoka Hija na kovu jipya alikuwa ametoa ushahidi mbele ya mtaa mzima kwamba chuma kile hakitengui ibada wala hakiui.

Na katika mji palikuwa na mwanachuoni aliyewafungulia watu wazima mlango mwingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947, alitoa katika mwaka 1932 gazeti lake la Al-Islah, na humo aliwalaumu Waislamu wa Pwani kwa kuiga ya Wazungu yaliyo ya upuuzi na kuyaacha yao yenye manufaa, elimu kwanza. Kwa maoni yangu, hoja hiyo ilifanya kazi katika mambo ya hospitali kuliko amri yoyote ya serikali, kwa sababu ilimwezesha mtu kuipokea dawa pasipo kumpokea mtawala.

Lakini wanaume na magazeti yao hawakuwa ndio wenye neno la mwisho juu ya mtoto mchanga. Ndani ya nyumba ya Mji wa Kale, mzazi akiwa amelala kwenye arobaini yake, neno lilikuwa la mavyaa na la mkunga. Hao walikuwa na elimu yao ya hatari, na haikuwa haba. Mtoto alifungwa mvuje asidhuriwe na jicho, akapakwa wanja, akavalishwa hirizi, asitolewe nje magharibi. Na maradhi ya wachanga yalikuwa na majina ambayo ndani yake mna maelezo mazima ya sababu. Degedege ilikuwa ni kazi ya ndege wa usiku. Pepopunda, jina lake lamtaja pepo: mtoto mwenye afya, siku chache baada ya kuzaliwa, yapata wiki moja, huacha kunyonya, taya zikakazana, mgongo ukapindika kama upinde, akafa macho yake yakiwa wazi. Mkunga aliyeyaona hayo mara tatu nne hakuhitaji kuambiwa kwamba wiki ya kwanza ni daraja jembamba. Asilolijua ni kwamba sumu ile iliingia kwa kitovu, kwa wembe au kwa kitu kilichopakwa juu ya kidonda, na kwamba kinga yake ni ya ajabu kuliko kinga zote, maana hudungwa mama angali mjamzito, na mtoto akazaliwa tayari ameikopa damuni mwake.

Mavyaa alikuwa na hoja moja ambayo hata leo sijaona tabibu aliyeijibu kwa adabu inayostahili. Dawa, kwa desturi ya walimwengu, hupewa mgonjwa. Chanjo humchukua mzima ikamrudisha na homa. Mama mtu hutoka nyumbani asubuhi na mtoto anayecheka, akarudi adhuhuri na mtoto mwenye paja lililovimba, analia usiku kucha, na bibi yake, ambaye hakuulizwa wala hakuelezwa, husema: "Mwanangu, mjukuu wangu umemtoa hapa hana neno, umenirejeshea mgonjwa." Ni kweli tupu. Manufaa ya chanjo ni jambo ambalo halitokei: ni ndui isiyokuja, ni mguu usiopooza. Madhara yake madogo hutokea mbele ya macho usiku uleule. Mtu anayedhani kwamba hesabu ya namna hiyo ni nyepesi kwa moyo wa mzazi, huyo hajakesha na mtoto.

Ajabu ni kwamba kalenda ya kliniki na kalenda ya nyumba ziliangukiana karibu. Baada ya nchi kupata uhuru 1963 na kuanzishwa mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1980, mtoto wa Kenya aliwekewa miadi ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kisha mwezi wa tisa kwa surua, ambayo wengi kwetu huiita ukambi. Wiki sita ni siku 42. Mzazi aliyetimiza arobaini, akaoga, akatoka ndani, safari yake ya kwanza au ya pili nje ya nyumba ikawa ni kwenda kliniki, amejifunika buibui, na kadi ameitia katika mkoba pamoja na nepi. Zile chanjo za siku ya kuzaliwa, ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio, ndizo zilizokuwa zikiwapita waliozalishwa nyumbani, kwa kuwa ziliangukia katikati ya siku ambazo mtoto hatolewi.

Wakati huohuo ndui ilikuwa ikifukuzwa duniani, na mlango wake wa mwisho ulikuwa katika pwani hiihii yetu, kaskazini, katika mji wa Marka nchini Somalia. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba 1977 aliwaonyesha njia watu waliokuwa wakipeleka watoto wawili wenye ndui karantini, akapanda gari pamoja nao kwa dakika chache tu. Alikuwa hajachanjwa sawasawa, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu, naye ni mtumishi wa hospitali. Upele ukamtoka tarehe 26 Oktoba. Zaidi ya watu 50,000 wa mji ule wakachanjwa kwa wiki mbili, Maalin akapona, na baada yake hakuna mtu duniani aliyepatwa na ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imekwisha.

Yaliyofuata ni ya kufurahisha na kwa hiyo nitayapita upesi. Mwaka 2001 Kenya ilitia katika sindano ya watoto kinga ya kijidudu kiitwacho Hib, kinacholeta homa ya uti wa mgongo na kichomi, na watafiti walioko Kilifi, mwendo mfupi kutoka hapa, wakaona maradhi makali ya kijidudu hicho yamepungua kwa asilimia 88 ndani ya miaka mitatu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2002 watoto wapatao milioni 13 wakachanjwa surua katika kampeni moja. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimonia, na Kilifi tena ikashuhudia maradhi makali yaletwayo na aina za kijidudu zilizomo katika chanjo hiyo yakipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nchi nzima, watoto wa umri wa mwaka mmoja waliopata chanjo zote za msingi walikuwa asilimia 57 mwaka 2003. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 80.

Hata hivyo katika miaka hiyohiyo ya neema mkono uliulizwa tena. Watu wa kampeni ya polio walipita mlango hadi mlango na kasha la barafu begani, wakatia matone mawili katika kinywa cha mtoto, wakampaka wino kidole cha mwisho, wakaandika kwa chaki juu ya mlango, na milango ya Mji wa Kale iliyochongwa kwa ustadi ikabeba tarakimu za serikali. Mtu mzima akauliza: kwa nini dawa hii inifuate hadi kwangu bure, ilhali nikienda na mtoto mwenye homa napanga foleni na kulipa? Swali hilo halina chembe ya ushirikina. Liliulizwa Kano, Nijeria, mwaka 2003, likachanganyika na uvumi kwamba matone yanafunga uzazi, na kampeni ikasimama huko kwa miezi, na virusi kutoka huko vikarudi katika nchi zilizokwisha kusafika. Na asidhani mtu kwamba ni swali la Waislamu peke yao: mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki wa Kenya ndio waliosimama hadharani kudai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake ina homoni ya kuzuia mimba, serikali ikakana, na kina mama wa nchi nzima wakabaki kusikiliza wakubwa wawili wanaogombana juu ya mikono yao.

Kuhofu si kosa kwa asili yake. Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930, watoto wachanga 72 walikufa kwa sababu chanjo ya kifua kikuu waliyonyweshwa ilikuwa imechanganyika na vijidudu vya kifua kikuu chenyewe. Kosa lilikuwa la maabara, likahukumiwa mahakamani; ila mzazi aliyesikia habari kama hiyo akauliza mara mbili kabla ya kumtoa mwanawe, amefanya ipasavyo. Wajibu wa wenye sindano ni kujibu, na kujibu kwa lugha anayoielewa anayeuliza. Walipoulizwa habari ya vitu vitokanavyo na nguruwe katika dawa, wanavyuoni na matabibu waliokutana Kuwait mwaka 1995 walijibu kwa istilahi ya fiqhi yenyewe, istihala, yaani najisi iliyogeuka kuwa kitu kingine haichukui tena hukumu ya najisi. Na mwaka 2014, baada ya wachanjaji wa polio kuuawa katika nchi kadha, Al-Azhar na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu zikaingia katika baraza moja la kuwashauri Waislamu juu ya chanjo hiyo. Jibu la namna hiyo hufika barazani. Tangazo la redio linalosema tu kwamba chanjo ni salama, salama, salama, halifiki popote, kwa maana muuza samaki naye husema vivyo hivyo.

Mimi huona kwamba wazee wetu wa kiume wangeweza kusaidia zaidi kuliko wanavyosaidia. Hakuna anayekwenda Hija leo pasipo kudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo, sharti lililowekwa na serikali ya Saudia baada ya maradhi hayo kuzuka katika Hija ya 1987, naye akishadungwa hurudi nyumbani salama, huketi barazani, na akiulizwa juu ya mjukuu wake husema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Wanawake wenyewe hawana mtu wa kumwuliza ila muuguzi ambaye ana watoto sitini wa kuwadunga kabla ya adhuhuri.

Aliyekuwa akiwajibu kweli wazazi alikuwa Maalin. Virusi vya polio viliporudi Somalia mwaka 2013 na kuvuka mpaka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya ikahesabu wagonjwa 14, mpishi yule wa zamani alikuwa amekwisha kufanya miaka mingi kazi ya kuzunguka mitaani kwao, akikaa na wazazi waliokataa matone, akiwaambia kwamba yeye ndiye wa mwisho kupatwa na ndui, na kwamba ilimpata kwa kuogopa sindano. Hakuwahutubia, alikuwa mtu wa mji wao, wakamjua kwao ni wapi. Katika kampeni ya mwaka huo akashikwa na homa, akafariki mwezi wa Julai, na homa yenyewe ilikuwa malaria. Chanjo ya malaria kwa watoto wachanga ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Septemba 2019, upande wa ziwani, katika kaunti ya Homa Bay.